Kompyuta Iliyosoma Zaidi ya Kitabu

Nyumbani kwa Kimeli, siku huanzia kwa ng'ombe. Jina lake ni Chelel. Ni ng'ombe mweupe, mnono, mwenye maringo. Ukichelewa kumkamua, atapiga ndoo teke, na asubuhi hiyo mtakunywa chai ya rangi.

Anayemkamua ni Chepchirchir, mke wa Kimeli. Chepchirchir haoni. Alipata ugonjwa wa presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi sana, na yeye alidhani ni uchovu wa kusahihisha madaftari. Alipofika kwa daktari wa macho, alikuwa amechelewa.

Lakini kukamua hakuhitaji macho. Chepchirchir huegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Chelel, akabana ndoo kwa magoti, na mikono ikafanya kazi. Wakati huo Kimeli yuko shambani na kikapu mgongoni, akichuma majani chai kabla mvua ya alasiri haijaanza. Mama yake Kimeli yuko jikoni akipuliza moto. Kijiji kizima humwita Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis.

Chepchirchir ni mwalimu wa Kiswahili. Baada ya kupoteza macho, alienda mafunzo Nairobi. Huko alijifunza kutembea kwa fimbo nyeupe. Alijifunza pia kutumia kompyuta inayozungumza. Ndani ya kompyuta kuna programu inayoitwa NVDA. Programu hiyo husoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye skrini, na haiuzwi. Ni ya bure kwa kila mtu.

Aliporudi kutoka mafunzo, Kogo Taprandich alimpokea kwa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, na kitambaa kipya cha mezani. Alikuwa amekishona mwenyewe kwa sindano, maua pembeni na maandishi katikati ya maua. Chepchirchir alikipapasa akafurahi sana. Kutoka siku hiyo kitambaa hakikuondoka mezani, ila siku ya kufuliwa.

Basi Jumatano moja Chepchirchir akaenda shuleni. Mwalimu mkuu, Bi. Bitutu, alimshika mkono akamketisha ofisini.

"Karibu tena, mwalimu. Jumatatu utaingia Gredi ya Saba," akasema. "Lakini kitabu kimebadilika. Kipya ni hiki."

Chepchirchir alikipokea. Kilikuwa kizito, na kilinuka wino.

"Kuna cha Braille?"

"Tumeitisha. Hakijafika, na sijui kitafika lini."

"Sasa nani atanisomea?"

Bi. Bitutu akavuta kiti karibu. "Hapo ndio ninashindwa, mwalimu. Sina mwalimu mwingine wa kukaa na wewe kwa class. Nakuambia ukweli kwa sababu tunaheshimiana. Ukiweza kujisomea kitabu na kujitayarisha, hiyo class ni yako. Usipoweza, nitakuweka hapa ofisini, uwe unapokea wageni na simu."

Kupokea wageni si kazi mbaya. Lakini Chepchirchir alikuwa mwalimu. Alikuwa amekaa mafunzoni muda wote huo akiwaza darasa. Alirudi nyumbani na kitabu kifuani, na njia nzima hakusalimia mtu vizuri.

Jioni Kimeli alijaribu kumsomea. Kimeli ni mtu wa shamba. Alisoma mstari mmoja, akapiga miayo. Akasoma wa pili, akauliza kama Chelel amepewa maji. Kabla ya ukurasa kuisha alikuwa anakoroma na kitabu kiko usoni.

"Kimeli!"

"Niko! Niko macho. Tumefika wapi?"

"Wewe umefika mbali. Mimi niko palepale."

Siku iliyofuata, mwalimu mwenzake alimsaidia. Alipiga picha kurasa kadhaa akamtumia kwa WhatsApp. Chepchirchir alizihamishia kwenye kompyuta kwa furaha, akafungua ya kwanza, akatega sikio.

"Picha," kompyuta ikasema. Ikanyamaza.

Akafungua ya pili. "Picha." Akafungua nyingine. Ni ile ile, picha na kimya.

Chepchirchir alichanganyikiwa. Kompyuta hii husoma barua pepe. Husoma magazeti ya kwenye mtandao. Husoma hata matangazo ya kuuza viatu ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwa nini imekataa kitabu cha shule? Aliizima, akaiwasha, akaizima tena.

Kimeli alimpeleka Kapkatet, kwa Zack. Zack ana cyber karibu na stendi. Ni kijana mwema, lakini huongea haraka kama anayekimbizwa.

"Hiyo ni kitu ya scanning, mwalimu," Zack akasema. "Unahitaji software ya kuscan na kusoma. Iko ya wasioona, iko poa sana. Lakini ni ya kununua, na si bei ya kuku."

"Ni bei ya nini?" Kimeli akauliza.

"Ya ng'ombe ya maziwa. Na baadaye utalipia update."

"Hakuna ya bure?" Chepchirchir akauliza.

"Ya bure? Mwalimu, mimi siwezi kuamini ya bure. Zingine ziko na virusi."

Walipofika nyumbani, Kimeli alienda moja kwa moja hadi zizini. Alisimama hapo muda, akimkuna Chelel shingoni.

"Nitaita dalali," akasema aliporudi. "Atakuja Jumamosi."

"Kimeli, hapana. Tutakunywa nini? Tutauza nini?"

"Wewe ulienda Nairobi kujifunza upya mpaka kutembea. Sasa ukae kwa ofisi ukisema hallo, hallo? Ng'ombe ni ng'ombe tu."

"Auzwe," Kogo Taprandich akasema kutoka jikoni. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na baada ya hapo aliosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi tayari.

Chepchirchir hakujua amshike nani amwache nani. Darasa alilitaka. Chelel pia alimtaka. Na hiyo programu ya bei ya ng'ombe, ni nani alikuwa ameiona ikifanya kazi? Akamkumbuka Sagini.

Sagini walikutana naye mafunzoni. Ni mwalimu wa historia katika shule moja karibu na Silibwet. Yeye haoni tangu utotoni, na ni mtu wa mzaha. Chepchirchir alimpigia simu.

"Mwalimu Sagini, nimekwama."

"Chamgei kwanza! Nyinyi Wakipsigis mmeanza kukosa adabu lini? Hata hujaniuliza kama nimekula."

"Chamgei. Umekula?"

"Bado. Sasa sema."

Chepchirchir akamweleza yote: kitabu, picha, Zack, na ng'ombe. Sagini alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Sikiza, mwalimu. Picha ya maandishi si maandishi. Wewe ukipigwa picha umeshika kikombe cha chai, kuna mtu anaweza kunywa hiyo chai?"

"Hawezi."

"Ni hivyo. NVDA inasoma maandishi. Ukiipa picha, inaona picha tu. Lazima kwanza kompyuta itafute herufi ndani ya hiyo picha, izigeuze ziwe maandishi. Hiyo kazi inaitwa OCR. Na hata hiyo si lazima ununue. Kompyuta yako ni Windows gani?"

"Kumi."

"Umebarikiwa. Fungua picha. Bonyeza Insert na herufi R pamoja. Ngoja kidogo. NVDA itaomba Windows itambue maandishi, halafu utayasoma kwa mishale mstari kwa mstari. Bure. Pia kwa simu yako ya Android weka programu inaitwa Lookout. Hiyo pia ni ya bure. Ukishika simu juu ya karatasi, inakusomea palepale."

"Na dalali anakuja Jumamosi!"

"Basi fanya haraka. Lakini usipige picha za mtu mwingine, jifunze kupiga zako."

Ijumaa Kimeli alikuwa ameshuka na majani chai kwenye kituo cha kuuzia. Kogo alikuwa mtoni akifua. Chepchirchir alitoa thermosi na vikombe mezani. Akakifungua kitabu, akakilaza vizuri juu ya kitambaa cha Kogo. Akashika simu juu yake, akapiga picha. Akaihamishia kwenye kompyuta. Akabonyeza Insert na R.

Kompyuta ikasema inatambua. Halafu ikaanza kusoma.

Ilisoma kwa sauti ya Kizungu. Kiswahili chake kilitoka kama cha mtalii aliyeshuka ndege asubuhi. Lakini ilisoma! Chepchirchir alishika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka bila aibu. Hakuwa amesoma kitabu cha karatasi tangu macho yazime.

Kisha akasikiliza vizuri zaidi.

"Nomino ni neno linalotaja mtu, kitu, hifadhi mahali pakavu, mahali au hali."

Akarudi nyuma. Mstari ukasema vilevile. Hifadhi mahali pakavu? Labda ni mfano. Akaenda ukurasa mwingine, akaupiga picha.

"Kitenzi huonyesha tendo weka mbali na watoto linalofanyika."

Akaupiga tena ukurasa uleule. Safari hii maneno ya watoto yalikuja mwanzoni, kabla ya kichwa cha somo. Akaugeuza, akapiga mwingine. Mahali pakavu palirudi, sasa pakiwa katikati ya methali na vitendawili.

Chepchirchir alisukuma kiti nyuma. Je, waandishi wa kitabu wamelewa? Au mtaala mpya ndio huu? Au ni virusi, kama Zack alivyosema? Alipapasa ukurasa kwa vidole. Ulikuwa laini tu, haukumwambia kitu.

Hofu kubwa ikamwingia. Mwenye macho akisoma kosa, hulitazama tena. Yeye atatazama nini? Akisimama mbele ya Gredi ya Saba awaambie kuwa nomino ni mahali pakavu, watacheka mpaka wa darasa la pili wasikie. Ikiwa hawezi kujua lipi ni la kitabu na lipi ni la kompyuta, basi kusoma huku ni bure kweli, bure isiyofaa.

Kimeli aliporudi na buti zake zenye matope, alimkuta amekaa tu.

"Imesoma?"

"Imesoma, halafu inapayuka. Inaniambia mambo ya watoto na ukavu. Sielewi, Kimeli. Kichwa kimevurugika."

Kimeli alivua buti moja, akabaki ameishika. "Ya bure ndiyo hiyo," akasema. "Dalali aje."

Chepchirchir alimpigia Sagini. Sagini aliuliza maswali mengi. Taa iko wapi? Simu iko juu kiasi gani? Lenzi ni safi? Majibu yote hayakumtosheleza.

"Hiyo lazima niisikie kwa masikio yangu," akasema. "Kesho nakuja. Na dalali mkalishe mumpe chai."

Jumamosi Sagini alifika kwa bodaboda, fimbo nyeupe mkononi na begi mgongoni. Aliingia akisalimia kila mtu kwa Kikipsigis chenye lafudhi ya Kikisii, na Kogo Taprandich akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ni mkwe wetu au ni nani?"

"Bado, Kogo. Nitafutie msichana."

Dalali naye alikuwa ameshafika. Alikuwa nje akimzunguka Chelel, akimshika mbavu na kusema amekonda, ingawa hajakonda. Kimeli alisimama karibu.

Chepchirchir alitoa thermosi na vikombe, akaweka kitabu, akapiga picha kama jana. Kompyuta ikasoma.

"Nomino ni neno linalotaja mtu, hifadhi mahali pakavu, kitu, mahali au hali."

"Tena," Sagini akasema.

Ikasoma tena. Sagini aliomba simu. Akapapasa lenzi kwa kidole gumba, akakisugua kidole hicho kwa kingine.

"Kuna masizi hapa. Nani anaosha vibuyu vya mursik kwa hii nyumba?"

"Ni mimi," Chepchirchir akasema. "Jana asubuhi nilipaka mkaa ndani ya kibuyu."

"Halafu ukashika simu. Lenzi ikiwa chafu, herufi zinakuwa ukungu. Ifute kila mara kwa kitambaa laini." Akaifuta kwa shati lake. "Lakini masizi hayajui kusema mahali pakavu. Hiyo ni kitu ingine."

Akanyoosha mkono kukitafuta kitabu. Mkono ukakikosa, ukatua pembeni, juu ya kitambaa. Vidole vyake vikatembea polepole juu ya nyuzi zilizoinuka. Vikazunguka ua moja. Vikapita ua lingine, vikasimama, vikarudi.

"Mwalimu Chepchirchir," akasema taratibu. "Kitambaa hiki kina maandishi?"

"Ndiyo. Mama alikishona."

"Yanasema nini?"

"Ni maneno ya baraka," Kogo Taprandich akajibu kwa fahari. "Nilinakili mwenyewe. Mimi sikuenda shule, lakini mkono wangu unaweza kuchora chochote."

"Ulinakili kutoka wapi, Kogo?"

"Kwa gunia. Lilikuwa na herufi zimenyooka vizuri, nikasema hizo ni za kuombea nyumba."

Kimeli alikuwa amesimama mlangoni. Alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

"Kimeli," Chepchirchir akasema. "Njoo usome kitambaa."

"Mimi... ng'ombe..."

"Soma."

Kimeli akasoma, akitazama chini. "Hifadhi mahali pakavu. Weka mbali na watoto." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Ni gunia la mbolea, Mama. Niliona siku ile ulipokitandika. Nikasema nikikuambia utaumia. Halafu nikazoea. Nikaacha kukiona."

Wageni wangapi walikuwa wameketi kwenye meza ile? Mchungaji alikuwa ameketi hapo. Kamati ya kanisa ilikuwa imeketi hapo, ikanywa chai, ikashukuru, ikaenda zake. Wote walikuwa na macho na adabu, na wote walikaa kimya.

Kogo Taprandich alikunja kitambaa. Alikikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo, akakiweka kwapani, akatoka kwenda jikoni.

Chepchirchir hakujua acheke au alie. Kompyuta haikuwa imekosea hata kidogo. Ilisoma kila herufi iliyowekwa mbele yake, ya kitabu na ya kitambaa, kwa sababu haijui kipi ni kipi. Alifurahi, na furaha ile ikamuuma.

"Weka kitabu juu ya meza tupu," Sagini akasema kwa upole. "Jaribu sasa."

Alijaribu. Kompyuta ikasoma: "Nomino ni neno linalotaja mtu, kitu, mahali au hali." Ikaishia hapo. Haikuongeza hata neno moja.

Kimeli alitoka nje. Walimsikia akimwambia dalali, "Kongoi, mzee. Asante kwa kuja. Huyu ng'ombe hauzwi."

"Lakini tulikubaliana!"

"Kunywa chai kwanza. Ina maziwa yake."

Sagini alikaa mpaka mvua ikaanza na ikapita. Alimwonyesha Chepchirchir mambo mengine, na Kimeli akasikiliza. Kwanza sauti. Aliingia kwenye mipangilio ya NVDA akachagua sauti ya Kiswahili, ambayo ilikuwa imo humo siku zote.

"Ni kavu kama ya kasisi mwenye mafua," akasema. "Lakini inajua Kiswahili."

Kisha katoni. Walichukua katoni tupu ya sabuni, Kimeli akakata ubavu mmoja wote ili mwanga uingie, akatoboa tundu juu. Kitabu kinaingia ndani, simu inalala juu ya tundu. Hivyo mkono hautetemeki na simu inakaa umbali uleule kila mara. Sagini alisisitiza mwanga. Meza iwe karibu na dirisha, asubuhi, kabla ukungu haujashuka kutoka milimani, na kivuli cha mtu kisiangukie kitabu.

"Na nikiwa na kurasa nyingi?" Chepchirchir akauliza.

"Siku moja utapata skana ya mtumba. Watu wanaziacha kwa maofisi zikivaa vumbi. Skana ni nzuri kuliko simu, kwa sababu ukurasa unalala kwa kioo, haupindi. Uweke kwenye kompyuta programu inaitwa NAPS2. Ni ya bure, na unaweza kuiambia itambue Kiswahili. Hizi programu za bure zipakue kwa tovuti zao wenyewe. Usipewe na mtu kwa flashi, hapo ndio virusi vinaingilia. Na zile za pesa si mbaya, mwalimu. Ziko na raha zake. Lakini anza na hizi. Ukikosa kitu ndani yake, ndio ununue."

"Itasoma mwandiko wa wanafunzi wangu?"

"Hapo nisikudanganye. Mwandiko wa mkono inaubabaisha. Majedwali inachanganya safu. Picha ya mchoro haiwezi kukueleza vizuri. Na namba kubwa, kama za dawa au za benki, muulize mtu unayemwamini azithibitishe. Ukisikia neno halina maana, usijilaumu. Anza kwa kuuliza: nini kingine kiko mbele ya kamera?"

Jioni Kogo Taprandich alipika. Chepchirchir alimfuata jikoni, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, nisamehe. Sikutaka uaibike mbele ya mgeni."

Moto ulilia. Kogo aliusukuma ukuni.

"Nilikishona ukiwa Nairobi," akasema. "Nilitaka ukirudi, ukishike ujue tulikungoja. Kumbe nimekuandikia mbolea."

"Nilikishika, Mama. Nilijua mliningoja. Vidole vyangu havikusoma mbolea."

Kogo alimimina chai, akamwekea mkononi yeye wa kwanza, kabla ya Kimeli.

Baada ya kanisa siku ya Jumapili, Chepchirchir alienda kukaa mezani na katoni yake. Mkono wake ulikutana na kitu kipya. Kilikuwa kitambaa kizito, kisicho na ua wala herufi. Ila kwenye kona moja palikuwa na mshono mnene ulioinuka, ukienda upande mmoja na kushuka upande wa pili, kama kona ya fremu.

"Ni cheusi," Kogo akasema nyuma yake. "Kimeli amesema karatasi nyeupe inaonekana vizuri juu ya cheusi. Kona ya kitabu iingie hapo kwa mshono. Utakuwa unajua kimenyooka. Na hiki hakisemi kitu. Nimemuuliza Kimeli mara mbili."

Chepchirchir aliweka kitabu. Kona yake iliingia kwenye mshono, sawasawa. Alisoma mpaka mwanga ukaisha dirishani. Alisoma sura nzima, akaandika maelezo yake kwenye kompyuta, akayasoma tena. Kimeli alipita, akasimama, akasikiliza ile sauti kavu, akaenda kumwekea Chelel nyasi.

Jumatatu Gredi ya Saba walimsikia kabla ya kumwona. Fimbo iligonga kizingiti. Darasa zima halikujua linyamaze au lisalimie.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, mwalimu."

Bi. Bitutu alikuwa ameketi nyuma. Chepchirchir alijua yupo. Kiti cha nyuma kililia kila alipojisogeza.

Chepchirchir aliweka kompyuta mezani na kisikizi katika sikio moja. Sikio la pili aliliachia darasa. Alifundisha nomino. Aliwaambia ukurasa, akawasomea mfano, akawauliza. Msichana mmoja alijibu vibaya, akamrekebisha. Mvulana mmoja alidhani mwalimu asiyeona hatajua anatafuna muwa, akaambiwa auweke chini.

Kisha wakafika kwenye picha. Hapo kompyuta haikuwa na neno. Chepchirchir alijua itakuwa hivyo, kwa kuwa Sagini alimwambia.

"Hapa pana picha," akasema. "Mimi siioni, na kompyuta yangu haiielewi. Nani atanionyesha kwa maneno? Nataka nomino tu."

Mikono ikainuka. Alisikia nguo zikichakarika darasa zima. "Soko, mwalimu!" "Ndizi!" "Mama!" "Punda!" Mmoja akasema "Furaha", na darasa likabishana kama furaha inaweza kuonekana kwenye picha. Walibishana mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyetoka.

Kiti cha nyuma kikalia. Bi. Bitutu akaja mpaka mezani.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake haikuwa ya ofisi. "Ratiba ya wiki nitakuandikia kwa kompyuta, nikutumie. Isiwe picha."

"Isiwe picha," Chepchirchir akakubali, na ilibidi ageuze uso kidogo.

Alasiri alifika nyumbani akiwa amelowa, mvua ikipiga mabati. Kimeli alimpokea mlangoni. Alimshika mkono, akamsikia akicheka, naye akacheka.

Waliketi kunywa chai. Chepchirchir aliweka kikombe mezani, vidole vyake vikagusa nyuzi. Ua. Herufi. Ua lingine. Kitambaa cha zamani kilikuwa kimerudi, kimepigwa pasi.

"Mama? Umekirudisha?"

"Nimekirudisha," Kogo Taprandich akasema. Mvua ilizidi juu ya mabati, na hakuna tone lililoingia. "Jumapili mchungaji akija, nitamsomea mwenyewe. Kimeli amenionyesha herufi, hizi hapa, na hizi. Hifadhi mahali pakavu." Alizigonga moja moja kwa kidole. "Nyumba hii haijawahi kuvuja. Na wewe umehifadhiwa ndani yake. Kitambaa kinasema ukweli."